Tubandike stika, lakini kwanza tuzibe ufa

MWANZONI mwa kaskazi hii, kijana mmoja aliniletea boti ya faiba ufuoni hapa Chula akitaka niipambe kwa stika ubavu mzima, kutoka omo hadi tezi. Alikuwa ameinunua upande wa pili wa mpaka na picha alikuwa amekwisha kuzichagua: papa aliyepanua kinywa, ndimi za moto nyuma yake, na jina la mtoto wake kwa herufi za rangi ya dhahabu.

Mimi riziki yangu ni hiyo ya kubandika stika. Niliijifunza Mombasa nikiwa mkimbizi, kwenye magari na mabango ya maduka, na nilipoamua kurudi kwetu nilikuja na kisu changu, kadi zangu za kusukumia na mabunda mawili ya karatasi ya plastiki. Kazi ya namna ile huku kwetu ni neema. Ningelipwa pesa za kutosha kula wiki mbili.

Lakini nilipopitisha kiganja ubavuni nilihisi kuwa pale chini ya omo palikuwa na stika nyingine ya zamani, na juu yake pamepakwa rangi. Nikaibandua ncha. Chini yake ulikuwapo ufa wa urefu wa dhiraa moja hivi, na maji ya chumvi yalichuruzika kutoka ndani yake ingawa boti ilikuwa imekaa mchangani tangu jana yake.

Nikamwambia, mwanangu, hii haitaki stika, inataka kiraka. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Ami, mimi nimekuja unipambie boti. Sikuja kuulizwa habari za ufa." Nilipokataa alikwenda kwa mtu mwingine, na siku ya tatu nikamwona papa wake anang'aa majini.

Hadi ninapoandika maoni haya, boti hiyo inakwenda Kiunga na kurudi, na abiria wanapanda. Kila inapochelewa, mkewe huja kibarazani kwangu kuniuliza kama nimesikia lolote. Haji kwa huyo aliyebandika, anakuja kwa aliyekataa. Ndipo nilipoona kwamba jambo hili si la kunyamaziwa, hasa kwa ndugu zangu waliorejea kutoka kambini na mijini, pamoja na wafanyabiashara wa mpakani ambao ndio wanunuzi wakubwa wa vyombo hivi vya mkono wa pili.

Ieleweke mapema kwamba sina ugomvi na mapambo. Nitakuwa mtovu wa shukrani nikiyasema vibaya, kwa kuwa yamenilea. Isitoshe, sisi Wabajuni hatukufundishwa na matatu za Mombasa kupamba chombo. Mtepe, ule mtumbwi mkubwa wa zamani uliojulikana pwani nzima na ambao watu wetu walikuwa miongoni mwa mafundi wake, ulichorwa macho omoni na kupeperusha vitambaa. Majahazi ya Lamu hadi leo huwekwa jicho la duara pale mbele, mara nyingi na mwezi na nyota ndani yake. Huyo papa wa plastiki ni mjukuu wa jicho lile.

Lakini mtepe huohuo una habari nyingine ambayo vijana wetu wengi hawaijui. Haukupigiliwa msumari. Mbao zake zilitobolewa na kushonwa kwa kamba ya nazi, mshono baada ya mshono, na tanga lake lilikuwa la jamvi lililosukwa. Kamba zikilegea, zilikazwa au zikashonwa upya. Watu waliouchora macho ndio haohao walioujua mshono wake, na sidhani kama kuna aliyethubutu kuchora jicho juu ya mshono uliokatika.

Sasa tumeitenganisha kazi hiyo. Anayepamba hajui kushona, na anayejua kushona amezeeka wala hana mwanafunzi.

Sababu yake si uvivu, na naomba wazee wasiwalaumu vijana kwa hilo. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991 na vita kufika visiwani, watu wa Chula, Chovai, Koyama na Ngumi walitawanyika. Walioenda Kenya wengi waliishia Mombasa, katika kambi kama ya Jomvu, na kambi hizo zilipofungwa katika miaka ya 1990 wengine walirudishwa, wengine wakajificha mitaani, na wengine wakapelekwa kwenye makambi ya bara. Mtoto aliyekulia Dadaab ataujulia wapi ushonaji wa tanga? Kule alijua hema, na hema likichanika hungojewa jingine. Alichokiona kila siku ni stika: kwenye tangi la maji, kwenye gari, kwenye mlango wa zahanati, kila mfadhili na nembo yake. Alijifunza kwamba kitu kikishabandikwa nembo kimekamilika.

Mimi mwenyewe nilikuwa kijana mdogo mwaka 1992 tulipotoroka kwa mashua ya matanga. Usiku wa pili tanga lilipasuka. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikunja leso yake mara nne, akaikata, akaishona hapohapo kwa sindano ya kutungia vifungo huku ndugu wawili wakilishikilia tanga mapajani mwake. Mishono ilikuwa mibaya, tena iliyopinda, kwa sababu kulikuwa na giza na chombo kinakwenda mrama. Kiraka kile kilitufikisha. Miaka mingi baadaye kila alipoisikia watu wakiisifu mashua hiyo kwa mbio zake, alikuwa akisema ilikuwa na mbio kwa kuwa yeye alikuwa na leso.

Hebu sasa tuitazame stika yenyewe, maana kuna watu wanaamini kwa dhati kwamba inazuia maji. Karatasi hii ya plastiki kwa kawaida haizidi unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, na ile nzuri zaidi ni nyembamba kuliko hapo. Kinachoishikilia ni gundi iliyo mgongoni mwake. Haina nguvu ya kubana pande mbili za ufa zisiachane. Boti inapopiga wimbi ufa hufunguka na kufumba, na stika, kwa kuwa ni laini, inavutika pamoja nao bila kuchanika. Hapo ndipo penye hatari. Rangi ingepasuka ukaona, stika haipasuki. Inakuficha ugonjwa mpaka siku ya mwisho.

Zaidi ya hayo, ile ya bei nafuu inayouzwa kwa wingi husinyaa kwa jua. Baada ya misimu miwili kingo zake huinuka, maji ya chumvi huingia chini yake na kutuama humo. Faiba iliyopasuka ikikaa na maji namna hiyo, tabaka zake huanza kuachana. Mwenye chombo anafikiri ameuziba ufa kumbe ameunywesha.

Kwa wafanyabiashara wanaonunua boti za mkono wa pili, kuna ukaguzi ambao hauhitaji fundi wala ada. Chukua sarafu uigonge boti taratibu ubavu mzima, hasa omoni, kandokando ya mkuku na pale mashine inapofungwa. Faiba nzima hulia kwa sauti kali. Palipoachana tabaka hulia kwa sauti nzito ya kufa, kama kugonga kadibodi. Bonyeza kwa kidole gumba. Pakibonyea, kuna jambo. Halafu mwombe muuzaji uibandue stika yoyote iliyo chini ya mstari wa maji, kwa sababu hakuna mbandikaji anayejua kazi yake anayebandika chini ya mstari huo kwa ajili ya urembo. Samaki hawasomi. Akikataa, hilo tayari ni jibu.

Najua nitaambiwa kwamba ukaguzi ni kazi ya serikali. Ni kweli, lakini serikali ipi, na wapi? Mei 2023 Kenya na Somalia zilitangaza kwamba mpaka ungefunguliwa kwa awamu, na Kiunga na Ras Kamboni ilikuwa mojawapo ya njia zilizotajwa. Julai mwaka huohuo, baada ya mashambulizi, Kenya ikaahirisha. Sisi tunaokwenda kwa njia ya maji hatukungoja tangazo la kwanza wala hatukurudi nyumbani kwa tangazo la pili, kwa sababu mchele na mafuta ya kupikia havijui kuahirishwa. Lakini doria za baharini zinatafuta silaha na watu. Sijawahi kumwona askari wa doria, wa upande wowote, akigonga boti kwa sarafu. Mkaguzi wako ni wewe mwenyewe.

Kuna mfano wa Kenya ambao huwa naukumbuka sana. Februari 2004, chini ya Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, matatu zililazimishwa kufunga mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na kupaka mstari wa njano ubavuni. Michoro na stika zilikwanguliwa nchi nzima. Sisi tuliokuwa tukila kwa stika tulilia, na sitaficha kwamba nilimlaani mzee yule kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Lakini yalipokwanguliwa mapambo, abiria aliona kwa mara ya kwanza kutu iliyokuwa chini yake. Baadaye michoro ilirejea barabarani na mimi nikarejea kazini, nikiwa nimejifunza kuchungulia kwanza kinachofunikwa.

Basi kazi ifanywe vipi? Kiraka cha faiba si siri ya mtu. Chombo kikaushwe kabisa kivulini, siku kadhaa ikibidi. Palipooza pasagwe mpaka faiba nzima ionekane, na kingo zichongwe kwa mteremko mrefu. Kipimo cha mafundi ni kiasi cha milimita 12 za mteremko kwa kila milimita moja ya unene. Wengi wanakosea hapa kwa sababu wanajaza ufa kama kujaza shimo la ukuta. Kiraka hakishikwi na ufa, kinashikwa na ule mteremko. Kisha mkeka wa faiba uloweshwe rezini tabaka baada ya tabaka, hewa ikisukumwa itoke, na kila tabaka liwe pana kuliko lililotangulia. Dawa ya kugandisha itiwe kwa kipimo cha kopo lake. Anayezidisha ili amalize haraka huishia na kiraka kigumu kama biskuti, na kinavunjika vivyo hivyo.

Baada ya hapo ndipo mnite mimi. Tena msinite siku ya pili. Rezini na rangi mbichi hutoa mvuke kwa siku kadhaa, na stika iliyowahishwa hutokwa malengelenge kama mtu mwenye ndui. Subirini walau wiki. Osheni chumvi yote kwa maji matamu na sabuni, mkaushe, mfute kwa spiriti. Nitabandika asubuhi mapema kivulini, kwa maji yenye sabuni kidogo ili karatasi iteleze mpaka ikae sawa, nikisukuma kwa kadi kutoka katikati kwenda nje. Pembe zote nitazikata kwa mviringo, kwa kuwa pembe kali ndiyo ya kwanza kuinuka. Papa wako atakaa misimu mitatu au minne, na huenda akazidi.

Wenye matanga nao wasidhani wamesalimika. Hapo zamani matanga yetu yalikuwa ya merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na kiraka chake kilikuwa merikani vilevile. Siku hizi tanga linatiwa kiraka cha gunia la sukari au turubai la msaada, na wengine wanalibandika kwa gundi. Gunia hilo la nailoni, kama tunavyoliita, jua hulila likawa unga kwa miezi michache. Ukilazimika kulitumia kwa dharura, litumie kama shangazi yangu alivyoitumia leso, ufike, kisha ulitoe.

Kiraka cha tanga kiwe cha kitambaa cha uzito uleule, na kama ni cha pamba kifuliwe kwanza kisije kikasinyaa na kulivuta tanga. Nyuzi zake zielekee zinakoelekea nyuzi za tanga. Kizidi palipochanika kwa vidole vinne kila upande, kingo zikunjwe ndani, na kishonwe mistari miwili: mmoja ukingoni mwa kiraka, wa pili upande wa nyuma kwenye kingo za mchaniko baada ya kuzikata na kuzikunja. Uzi upakwe nta ya nyuki. Mwenye kushona avae ngozi kiganjani, maana sindano ya tanga haina huruma. Wapo kinamama wawili hapa kisiwani wanaoifanya kazi hiyo kama inavyotakiwa, na ujira wao kwa kiraka ni mdogo kuliko bei ya nusu mita ya stika yangu. Nimeona aibu kuliandika hilo lakini ndivyo lilivyo.

Nguo nitazigusia kidogo tu. Watoto wanaorudi kutoka mijini wanapenda vile viraka vya mapambo vya kupigia pasi, vyenye picha za mipira na simba. Gundi yake huyeyuka kwa joto ndiyo maana hushika kwa pasi, na kwa joto hilohilo la jua la huku, pamoja na kufuliwa kila mara, huachia. Mshono mmoja wa kuzunguka ukingo unatosha. Mtoto atakuwa na simba wake na goti lililozibwa, na mama hatanunua suruali nyingine.

Onyo moja zaidi kwa wanaovuka: msishone viraka vya kitambaa cha madoadoa ya kijeshi, si kwenye koti wala kwenye mfuko wala kwenye turubai la boti, hata kama mitumbani ni bei ya bure. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya mwaka 2012 inawazuia raia kuvaa au kuwa na sare za jeshi, na katika maji haya, ambako pande zote zina bunduki, anayekuona kwa darubini hatashuka kukuuliza kama ni kiraka. Hali kadhalika, stika isifunike namba ya usajili ya chombo. Nimekwisha kumrudisha mteja aliyetaka moto wake upite juu ya namba, akidai namba inaharibu picha.

Kwa mtazamo wangu mambo matatu yanawezekana bila kungoja mfadhili. Kusi inakaribia, bahari itafungwa, na vyombo vitapandishwa mchangani kama ilivyo desturi. Huo ndio msimu wa kubandua. Pili, sisi wabandikaji, ambao kuanzia Kismayo hadi Lamu tunajuana karibu wote, tukubaliane kwamba hakuna atakayebandika juu ya ufa. Nikikataa mimi peke yangu nimepoteza mteja tu, na papa anaogelea vilevile. Tatu, wale kinamama wawili wapewe vijana wa kuwafundisha wakati wa kusi hiyohiyo, na mashirika yanayotoa boti za msaada, badala ya kuongeza ukubwa wa nembo zao, yatoe pamoja na kila boti mkeka wa faiba na kopo la rezini. Niliona boti moja ya aina hiyo ambayo nembo ilikuwa imesimama imara kabisa, na sehemu ya kufungia mashine imetoka na msumari wake.

Mimi kwa upande wangu nimeanza. Kuanzia siku boti zitakapopandishwa, yeyote atakayenileta ufuoni Chula nitambandulia stika zake kuukuu bure, na nitagonga chombo chake kwa sarafu mbele ya macho yake. Pasipo na ufa tutazungumza bei ya picha. Na yule kijana wa papa, ambaye najua hulisoma gazeti hili akiwa Kiunga akisubiri upepo, ajue kwamba sikukasirika. Alete boti. Karatasi ya moto ninayo bado, ya rangi ileile aliyoitaka.